Kaskazi Kando ya Ziwa

Madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma tarehe 5 Desemba 2016, wakidai serikali itekeleze mkataba wa mishahara na mazingira ya kazi uliotiwa saini mwaka 2013. Mgomo ulichukua siku 100. Wengi wanaukumbuka kwa wodi tupu na jamaa waliowazika. Mimi naukumbuka kwa hayo, na naukumbuka pia kama msimu mtamu kuliko wowote wa ujana wangu, jambo ambalo hadi leo silisemi mbele ya kila mtu.

Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari jijini Nairobi. Mwaka wa nne ndio mwanafunzi anatolewa darasani na kuingizwa wodini. Anavaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, anasimama nyuma kabisa ya kundi linalomfuata daktari bingwa kitanda hadi kitanda, na anamwomba Mungu asiulizwe yeye. Sasa madaktari wakigoma, nani wa kumfuata? Tulijipa moyo kwamba Januari mambo yatatengemaa. Januari ikafika, na wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nao wakagoma. Bweni likabaki na paka pamoja na sisi wachache tuliokuwa tukisubiri tangazo.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa mtoto wa kisiwani Rusinga, Ziwa Viktoria. Jioni moja tukila chapati maharagwe kibandani nje ya geti, akaniambia dani yake, mamake baba yake, amepiga simu kuuliza kama ni kweli daktari wake hana kazi. Akatafuna kidogo, akasema, "Twende."

"Lini?"

"Basi la mwisho linaondoka saa tatu."

Ilikuwa yapata saa mbili. Nikapanda ghorofani, nikatia nguo mbili tatu mkobani, nikashuka. Mama alikuwa Mombasa akinitarajia nyumbani siku yoyote. Nilimpigia tulipofika Nakuru. "Wenda ziwani kufanyani, baba, na bahari iko kwenu?" Swali la haki kabisa. Nilimwambia mtandao unakatika.

Kwetu miezi ile ni ya kaskazi, jua la kuchoma na upepo kutoka baharini wa kulipunguza. Upande wa ziwa nako huwa moto miezi hiyo, na mwaka ule moto ulizidi, maana mvua za vuli zilikuwa zimetupa mgongo, na Februari Rais alikuja kutangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Basi lilipomaliza kuteremka kutoka kwenye chai ya Kericho na kuingia uwanda wa Kano, abiria walifungua madirisha yote kama walioamrishwa. Hewa ilinukia vumbi na bua la miwa. Ahero tukanunua mahindi ya kuchoma, na jua lilikuwa halijapanda hata kimo cha nyumba.

Ningependa kusema tulifika Kisumu kwa njia iliyouzaa mji huo. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, na kabla ya hapo mzigo wa Uganda ulikuwa ukibebwa vichwani. Lakini treni ya abiria ilikuwa imesimama miaka kadhaa, ikaja kurudi mwisho wa 2021. Tukashukia stendi, tukiwa na miguu iliyovimba kwa kukaa.

Mtu wa pwani akiliona ziwa mara ya kwanza hulidharau. Mimi nilinusa nikakosa chumvi. Nikatafuta alama ya maji kujaa na kupwa ukingoni, nikaikosa. Nikauliza maji hujaa saa ngapi, na mwenzangu akalisimulia swali hilo kwa kila mtu tuliyekutana naye hadi tunaondoka mkoani. Tena Kisumu haikuonyeshi ukubwa wa ziwa, imejibanza ndani kabisa ya Ghuba ya Winam, kule ghuba inakoishia. Ziwa lenyewe lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na Kenya imepata kama asilimia 6 tu ya hizo. Waluo huliita Nam Lolwe.

Dharau ilinitoka mezani. Wakati ule vibanda vya mabati vya Lwang'ni vilikuwa bado vimesimama kwenye ufuo, mjini hapo hapo, kabla havijabomolewa. Unaingia, mama anakuletea karai la samaki wabichi, unamnyooshea kidole umtakaye, naye anakukadiria bei kwa jicho. Nilichagua ngege mwenye upana wa kiganja na kidogo. Akakaangwa mzima, akatupiwa nyanya, kitunguu na dania, akaja na ugali unaofuka moshi. Kwenye meza ya jirani walikuwa wakila mgongo wazi: uti wa mgongo wa mbuta uliobaki baada ya minofu kupelekwa kiwandani na kutoka hapo Ulaya, ukikaangwa hadi mifupa midogo inavunjika mdomoni. Mbuta si mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala wenyeji wengi, akawa biashara. Nilionja ule mgongo. Walioko Ulaya wamepunjwa.

Hatua chache kutoka hapo ndipo nilipoanza shule ambayo sikuwa nimejiandikisha. Vijana walikuwa wameingiza matatu majini hadi nusu ya magurudumu, wanaziosha. Wamekunja suruali juu ya magoti, ndoo mkononi, redio ya gari ikiimba. Kitabuni nilikuwa nimesoma kichocho cha tumbo hadi nikakariri: yai linatoka na kinyesi, linaanguliwa majini, linaingia ndani ya konokono, linatoka likiwa kijidudu chenye mkia kinachopenya ngozi ya binadamu bila kubisha hodi, wingi wao ukiwa saa za jua kali la mchana. Hiyo ni kitabuni. Pale nilikuwa nikitazama miguu. Nilitazama kigimbi cha kijana mmoja aliyesimama sehemu moja akisugua boneti, maji yakimfika chini kidogo ya goti, mapovu ya sabuni yakimzunguka, saa sita kamili mchana. Kila sharti la mtihani lilikuwa limetimia mbele yangu, na lilikuwa linapiga mluzi.

Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wamewafuata waosha magari wa Kisumu kwa miaka mingi, wakiwapima, wakiwatibu, wakiwapima tena. Waligundua kwamba baadhi yao, wakitibiwa mara kadhaa, mwili hujifunza na maambukizi mapya hupungua. Yule kijana alijua haya yote vizuri kuliko mimi. Alinitajia dawa, akanitajia idadi ya vidonge, akanieleza wanavyokauka mdomo kwa uchungu wake. "Sasa mbona unaingia?" nikamuuliza. Akanitazama kama nilivyouliza kuhusu maji kujaa. "Daktari, gari halioshwi barabarani. Maji yako huku."

Kisumu yenyewe sikuimaliza, na sitajifanya niliimaliza. Tulizunguka kwa baiskeli za bodaboda zilizobaki, zile zenye kiti cha godoro nyuma, tukatembea soko la Kibuye siku ya Jumapili hadi miguu ikaomba samahani. Tulipita nje ya hospitali ya rufaa ambayo wenyeji huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 1969, siku ambayo risasi zilipigwa na watu wakafa, na mji haujaisahau. Kisha tukapanda matatu ya kwenda Luanda Kotieno.

Njia hiyo hupita Asembo, na mwenzangu, ambaye darasani hakuwa mtu wa kuzungumza, akageuka mhadhiri. Ni Asembo na Gem, alisema, ambako miaka ya 1990 vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa vijiji kwa vijiji, vifo vya watoto wachanga vikashuka. Ikaonekana pia kwamba hata asiyekuwa na chandarua alipata nafuu ikiwa anaishi ndani ya mita kama 300 kutoka kijiji chenye navyo, kwa kuwa mbu wenyewe walipungua. Mama aliyeketi mbele yetu na kuku mapajani aligeuka. Akasema nyumbani kwao walikuwamo kwenye utafiti huo, na mtoto wake wa wakati ule sasa yuko kidato cha nne na hataki kusoma. Gari zima likacheka. Mimi nilikuwa nimezoea matokeo ya utafiti yakiwa mistari kwenye jedwali.

Feri ya Luanda Kotieno hadi Mbita huchukua muda wa chini kidogo ya saa moja. Katikati ya mlango wa ghuba niliona, kwa mara ya kwanza, upande usiokuwa na ng'ambo. Nikanyamaza. Mwenzangu hakusema neno, ila alitabasamu hadi Mbita.

Kwao Rusinga, dani alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa amri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa jina la wuod Mombasa, mwana wa Mombasa, na jina langu la kuzaliwa halikutumika tena bomani. Tulilazwa kwenye simba, nyumba ya kijana wa kiume inayojengwa karibu na lango, godoro moja kwa wawili. Asubuhi ni nyuka, uji wa mtama uliochachuka. Mchana na usiku ni kuon, ugali wa mtama na muhogo, mweusi na mzito, kwa omena au osuga, yaani mnavu. Mwanzoni nilikula kwa adabu. Baada ya juma nilikuwa nikigombea ukoko.

Ufuoni kwao wanawake hutandaza omena asubuhi, samaki wadogo kama kidole cha mtoto, maelfu kwa maelfu, wakimeta juani hadi macho yanauma. Wanawatandaza juu ya nyavu zilizochakaa. Na juu ya vyandarua vya mbu. Vya bluu, vya serikali, vingine bado na lebo. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa nne, nikajiona nina la kusema, nikalisema, kwa Kiswahili changu cha Mvita chenye vina. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho huku mikono yake ikiendelea kugeuza samaki. Kisha akajibu taratibu, ili mgeni aelewe:

"Mwanangu, omena ikilala juu ya mchanga, mnunuzi anaikataa. Juu ya hii inakauka kabla ya saa nane. Mbu ataniuma, sawa, nitameza dawa. Omena ikioza nitameza nini?"

Akanipa fimbo nifukuze ndege. Nikafukuza ndege asubuhi nzima.

Usiku wa giza wanaume hutoka na taa. Omena huvuliwa mwezi usipokuwapo, kwa sababu huufuata mwanga, na mbalamwezi huharibu kazi. Zamani taa zilikuwa za karabai. Wakati ule za betri na sola zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi. Ukisimama ufuoni unaona mji mzima umewaka majini, na mtu wa Mombasa anaweza kuapa kwamba kule kuna Likoni. Nahodha mmoja, mzee wa maneno machache, alikubali kunichukua. Tulikaa gizani tukiisubiri taa ifanye kazi yake, wadudu wa ziwani wakituingia puani na masikioni. Kisha wavu ukashushwa, ukazungushwa, wakaanza kuvuta kwa mpigo mmoja, na maji chini ya taa yakachemka fedha. Sijawahi kuona kitu kama kile kabla wala baada, na nimeona mengi. Mbu walituuma usiku kucha.

"Daktari," yule mzee akaniita karibu na alfajiri. Alikuwa amesikia habari za hotuba yangu. Kisiwa ni kidogo. "Hicho chandarua, hapa nitakifunga wapi?"

Vijana wa mashuani wakaangua kicheko hadi chombo kikayumba.

Niliogelea, ndiyo. Huwezi kumleta mtoto wa Mji wa Kale kando ya maji kwenye joto lile na kumwambia atazame. Niliogelea kwa hesabu: kwenye kina, mbali na majani ya ukingoni anakoishi konokono, asubuhi mapema. Na baadaye nikameza prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kwa kilo zangu 60 za wakati ule vikawa vidonge vinne vikubwa. Waosha magari hawakudanganya kuhusu uchungu.

Pale kijijini kulikuwa na zahanati, vyumba vitatu na mwembe. Katika mfumo wa afya wa Kenya wenye ngazi sita, zahanati ni ngazi ya pili, na mwenye zahanati ni muuguzi. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Gem, aliyeitwa Sista na wote, hata na mumewe. Tulipojitambulisha alitutazama juu hadi chini, akasema hatutatibu mtu, hatutachoma mtu, na tukitaka kukaa tukae kwa kazi. Basi tukawa wa kupima uzito wa watoto, kuandika daftari, kuhesabu dawa, kumtazama akitoa tone la damu kidoleni kwa ajili ya kipimo cha malaria na kusubiri dakika kumi na tano mistari ijitokeze. Mizani ya watoto ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa zimekufa. Sista alipima kwa ile ya kuning'iniza kama ya bucha, mtoto ndani ya suruali ya turubai akipiga mateke, na hakuwahi kukosea kusoma.

Siku ya kwanza nilimuuliza mgomo umewaathiri vipi. Nilitarajia msiba. Akaendelea kufunga vidonge kwenye vibahasha.

"Mgomo upi? Wa madaktari? Hapa daktari hajawahi kufanya kazi. Utagomewaje na mtu usiyemjua?"

Nimeyarudia maneno hayo kwenye mikutano mingi. Nairobi mgomo ulikuwa habari ya kwanza kila jioni. Pale ulikuwa habari ya redio, kama habari za mvua ya nchi nyingine, hadi siku ilipomfikia mtu kwa jina.

Kabla sijafika huko, niseme kuhusu mtoto mmoja. Alikuwa na umri wa kama mwaka, mamake amemleta kwa sababu mikono na miguu imevimba ghafla na anapiga kelele akiguswa. Sista alimgeuza kope, akaona manjano, akasema selimundu kabla sijafungua mdomo. Niliijua, na si kutoka kitabuni. Binamu yangu wa Kisauni alikua nayo. Nilimwambia mama yule kwamba kwetu pwani pia iko. Alishangaa, kisha uso wake ukalegea kidogo, kana kwamba nimemwambia tuna undugu.

Na kwa kweli tunao, na aliyeuona alikuwa mwanafunzi kama sisi, naye akiwa safarini. Anthony Allison alikulia Kenya, akaenda kusomea udaktari Oxford, na mwaka 1949, kabla hajahitimu, akaungana na msafara wa chuo hicho kuja Mlima Kenya. Wenzake walikuwa na mimea na wadudu wao. Yeye akazunguka nchi akichukua damu za watu. Akakuta kitu cha ajabu: waliobeba chembe ya selimundu walikuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na karibu hawapo nyanda za juu zilizo katikati. Kabila halikueleza hilo, wala lugha. Malaria ilieleza. Palipo na mbu wengi, mwenye chembe moja ya urithi huo hupona zaidi kuliko asiyenayo. Mwenye mbili ndiye anayeugua. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake. Sehemu ya ushahidi huo ilipatikana kwa kuwaambukiza malaria makusudi Waluo 30 watu wazima waliojitolea, nusu yao wakiwa na chembe hiyo: kati ya 15 wasiokuwa nayo, 14 walipatikana na vimelea, kati ya 15 waliokuwa nayo, wawili tu. Leo kamati ya maadili isingeruhusu. Allison alipata jina, nalo alistahili. Wale 14 walipata homa.

Usiku ule ndani ya simba mimi na mwenzangu tulibishana kuhusu Allison hadi dani akagonga ukuta kwa fimbo. Hatukuwahi kubishana hivyo kuhusu somo lolote chuoni.

Mgomo ulimfikia mtu kwa jina mwezi wa Februari. Mvuvi tuliyemfahamu, kijana tuliyemzidi miaka miwili hivi, mkewe alishikwa na uchungu usiku. Sista alimpapasa tumbo, akatambua mtoto amelala mkingamo. Mtoto wa hivyo hazaliki bila kisu. Hospitali ya umma iliyo karibu haikuwa na wa kushika kisu, ikabidi wavuke na kutafuta hospitali ya kulipia. Ufuo mzima ulichanga pesa, na hazikutosha. Mama na mtoto walirudi salama baada ya siku kadhaa. Mashua ilirudi pia. Injini haikurudi, iliuzwa bara kulipa deni, na yule bwana akaanza kuvua kwa kasia kwenye mashua ya mtu mwingine.

Juma hilo hilo, tarehe 13, mahakama ikawafunga viongozi wa chama cha madaktari kwa kukataa kuvunja mgomo, na siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa ikawaachia. Tulisikiliza redio chini ya mti wanaposhonea nyavu, karibu na meza ya maafisa waliokuwa wakiandikisha wapiga kura. Nilikuwa upande wa waliogoma, na bado niko. Daktari aliyesimama wodini bila glavu, bila oksijeni na bila mshahara wa maana haponyi mtu kwa uzalendo. Niliyasema haya pale chini ya mti, mbele ya yule mvuvi. Alisikiliza, akakubali kwa kichwa.

"Basi wapeni hiyo pesa yao warudi," akasema, kana kwamba pesa ilikuwa mfukoni mwangu. Halafu akaniuliza kama namjua mtu Mombasa anayeuza injini kuukuu.

Siku za mwisho tulikwenda Kasawanga kwenye kaburi la Tom Mboya, jengo lenye umbo la risasi, kwa sababu risasi ndiyo iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Watu humjua kwa siasa na kwa ndege za wanafunzi wa kwenda Marekani. Mwenzangu alitaka nijue kwamba kabla ya hayo yote Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi, kwa hiyo wa kwetu. Tulipanda na kilima kinachotazama kisiwa cha Mfangano, kwenye Rusinga hiyo hiyo ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, mwaka 1948. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza kupiga kutoka ziwani, kama kawaida yake, na mashua zenye tanga zilikuwa zikirudi nao bila kutumia hata tone la petroli.

Mgomo ulikwisha tarehe 14 Machi. Tuliaga dani asubuhi yake. Alitufungia omena kavu kwenye mfuko wa unga, na basi zima lilitulaani hadi Nairobi. Wodini tulijikuta tuna haraka ya kufidia majuma yaliyopotea, daktari bingwa akauliza juu ya kitanda cha kwanza mgonjwa huyu anafanya kazi gani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemuuliza mgonjwa hilo kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. Mwenzangu sasa ni daktari wa watoto. Septemba 2019, chanjo ya malaria ilipozinduliwa Ndhiwa, kaunti yake ya Homa Bay, alinipigia simu akipaza sauti kama mtu aliyefunga bao.

Tarehe 14 Machi 2024, miaka saba kamili tangu ule wa kwanza kumalizika, madaktari wa Kenya waligoma tena, na madai ya madaktari wanaoanza kazi yalikuwa mbele. Safari hii mimi nilikuwa miongoni mwa waliogoma, mwenye filimbi na tawi la mti barabarani. Jioni moja nikampigia Sista, ambaye bado yuko chini ya ule mwembe. Nilimuuliza hali. Akasema wana wagonjwa wengi wa homa, mvua imeanza, na omena imepanda bei. Nikamwambia tumegoma.

"Nimesikia," akasema. "Kwa hivyo una nafasi. Hizo betri za mizani si zile nyembamba, ni zile nene kama za tochi. Nne. Na uje na mtu wa kurekebisha friji ya chanjo."